Maji ya Kiboko wa Mfalme

Violante alikuwa amechuchumaa chini ya gari lake la maji, anapaka mafuta ya nguruwe kwenye mhimili wa magurudumu, askari mmoja alipokuja kumwambia anatakiwa gatini. Mtu aliyekuwa avute maji ya mnyama wa mfalme alikuwa amekanyagwa mguu na maksai, na pale Aldeia Galega, ng'ambo ya mto kutoka Lisbon, hapakuwa na mwingine mwenye nyumbu wawili wazima na mapipa yasiyovuja.

"Mnyama gani huyo anayetaka gari zima la maji?" aliuliza bila kutoka chini.

"Farasi wa mtoni."

"Farasi na mapipa wapi na wapi?"

"Ukimwona utajua. Ni nguruwe aliyemeza nguruwe wenzake wote. Amekuja na merikebu ya Santa Iria."

Hapo Violante akatoka chini ya gari, akajifuta mikono.

Mwanawe wa pekee, Tomé, alikuwa fundi mapipa wa merikebu hiyo. Iliporudi Lisbon, Violante alivuka mto na mashua ya alfajiri, akapanga foleni pamoja na wanawake wengine mbele ya dirisha la karani. Karani alimwambia ni homa, akamwambia Mungu amrehemu, kisha akaita anayefuata. Wapi kijana alikofia, nani alimfumba macho, aliomba nini mwishoni, hayo hakuna aliyemwambia. Mabaharia waliopona walikuwa wakimwona kwa mbali wanakata kona. Sasa mnyama aliyesafiri na Tomé alikuwa anaondoka, yeye na mtu wa kumtunza. Violante alijifunga kitambaa kichwani, akafunga nyumbu, akaenda.

Mnyama alilala ndani ya hori kubwa la mbao lililowekwa juu ya gari la maksai, amefunikwa matanga mabichi. Macho na pua tu ndivyo vilivyoonekana. Waswahili wa pwani wangemwambia mara moja kwamba ni kiboko, lakini pale gatini hapakuwa na wa kusema hivyo isipokuwa mtunzaji wake, mtu wa mito ya Kuama iliyo upande wa Sofala, naye alikuwa na lugha yake. Padri wa merikebu alikuwa amembatiza Bento. Jina alilopewa na mama yake hakuna aliyeliuliza. Alisimama pembeni ya hori akimmwagia mnyama maji kwa kata, taratibu, tangu shingoni hadi mkiani, na alipofika mkiani alianza tena shingoni.

Mkuu wa msafara alikuwa Dom Jerónimo, bwana mwembamba mwenye tumbo bovu, mpole kwa farasi wake na kwa watu pia.

"Mama, kazi yako si ngumu," alimwambia. "Ngozi ya huyu isikauke. Ikikauka inapasuka. Anakwenda Kastilia, ni zawadi ya arusi kwa shemeji wa mfalme. Lazima afike hai."

"Na asipofika?"

"Atafika," alisema Dom Jerónimo, kama mtu anayeulizwa iwapo jua litachwa.

Walishika njia ya mashariki. Ilikuwa kiangazi cha Alentejo, majani ya kando ya barabara yamekauka hadi yanalia yakikanyagwa. Adhuhuri ya kwanza, walipokuwa wamepumzisha maksai chini ya misonobari, wafu wakatoka.

Walikuja kwa nyuma, kwenye njia ile ile waliyopita magari, wanatembea miguu imeachana kama watu walioshuka chomboni muda si mrefu. Kila mmoja alikuwa ndani ya kipande cha tanga alichoshonewa, kimefumuka usoni na mikononi. Walikuwa wengi kuliko askari. Askari walisogea ili wafu nao wapate kivuli. Mpishi alinung'unika kwamba mkate ulipigiwa hesabu ya walio hai, kisha akaona kwamba hakuna anayetaka mkate. Dom Jerónimo aliwatazama juu ya farasi wake, akatoa agizo moja.

"Wakae nyuma ya hori. Mbele ya bendera ya mfalme asipite maiti."

Violante alimjua mwanawe kabla ya kuona uso. Alimjua kwa jinsi alivyoyatazama mapipa kwanza, ndipo akamtazama mama yake.

"Mama, pete ya pipa la nyuma imelegea."

"Najua. Nilikuwa nakungoja uje uikaze."

Tomé akainama, akatafuta jiwe, akaikaza. Violante alikuwa amesimama karibu naye, mkono umeinuka, hajui pa kuuweka. Mwishowe aliuweka begani kwake. Tanga lilikuwa gumu kwa chumvi.

"Umekonda," alisema.

"Ni kiu."

Violante alichota bakuli likajaa, akampa. Tomé alikunywa kama anavyokunywa nyumbu, bila kupumua, na maji yakapita yote, yakatokea chini ya tanga, yakalowesha vumbi kati ya miguu yake. Alimchotea tena, yakapita tena.

"Usiyapoteze, mama. Hayakai. Haya si yetu."

"Yenu ni yapi?"

Tomé alielekeza kidevu kwenye hori. Bento alikuwa anammwagia kiboko maji, na maji yalikuwa yakitiririka juu ya ule mgongo, yanachanganyika na jasho jekundu la mnyama, yanapenya kati ya mbao na kudondoka chini. Wafu walikuwa wameshaingia chini ya gari. Walilala chali, walipiga magoti, kila mmoja mikono amekinga, na matone yale ya rangi ya waridi yaliwaingia yakakaa. Tomé aliacha mazungumzo katikati akaenda kutafuta nafasi.

Ikawa hivyo kila adhuhuri. Watu wa njiani waliuzoea msafara haraka. Walipofika Montemor, wanawake walikuwa wamekwisha kupata habari, wakasimama mbele ya milango kuwakagua wafu sura kwa sura, maana Santa Iria ilikuwa imechukua vijana wa kila mahali. Mwanamke mmoja mnene aitwaye Mécia alimkuta mumewe.

"Wewe!" alisema. "Ulisema unakwenda kununua chumvi."

"Nilikwenda," alisema mume.

"Miaka yote hii?"

"Nikapata kazi kwenye merikebu."

"Na chumvi yenyewe iko wapi, mwanaharamu wee?"

Mume akajipangusa shavu, akamwonyesha kiganja chake kilivyokuwa cheupe. Askari walicheka. Mécia naye alicheka, kisha akajifunika uso kwa aproni, mabega yakawa yanatikisika. Alimsindikiza hadi mwisho wa mji wameshikana mikono, akarudi kwa sababu alikuwa ameacha mikate ndani ya tanuri. Padri wa pale aliombwa awazike. Alisema wamekwisha kuzikwa baharini kwa taratibu zote, na Kanisa halimziki mtu mara mbili.

Kwenye mwinuko wa kwendea Arraiolos, maksai walipokuwa wanavuta kwa shida na kila mtu yuko chini anatembea, Tomé alikuja kando ya gurudumu la mama yake. Alikuwa amepata kinywaji kizuri siku hiyo, sauti imemrudia. Alikuwa anagonga mapipa kwa kidole akisikiliza mlio, kama alivyofanya tangu anajifunza kazi.

"Homa ilikushikia wapi?" Violante alimwuliza.

"Homa gani?"

"Karani alisema homa."

Tomé alitoa kicheko kikavu. "Upepo ulikufa, mama. Bahari ikawa kama sahani. Kapteni akatia kufuli kwenye mapipa. Sisi tukawa tunapata kikombe, halafu nusu kikombe, halafu kitambaa kilicholoweshwa. Huyu mnyama anapata ndoo juu ya ndoo. Mimi nimelala sitahani, ulimi umejaa mdomo, nasikia mapipa yangu yanafunguliwa. Kila moja nalijua kwa sauti. Nasema moyoni, hilo ni lile la mwaloni; hilo ni lile nililoliziba lami Msumbiji."

"Na wewe hukujitwalia, mwanangu? Kwa nini hukujitwalia?"

"Nilijaribu. Wakanifunga mlingotini."

Violante aliwahimiza nyumbu wapande. Mbele yao Dom Jerónimo alikuwa anampa farasi wake kipande cha mkate kutoka mfukoni.

"Nani alitoa amri?"

"Kapteni alisema lazima afike hai."

"Na huyu Bento? Si yeye alikuwa anamwaga?"

"Mwache Bento. Alikuwa na mtu wa bunduki mgongoni. Akimaliza kumwaga alikuwa analamba kata, na alikuwa akipigwa kwa kuilamba."

Jioni ile Violante alipanda ubavuni mwa hori akiwa na kisu cha kukatia kamba. Alikwenda kumwangalia huyo aliyekunywa uhai wa mwanawe. Kiboko alimtazama kwa jicho dogo lenye matongotongo. Ngozi yake ilikuwa imepasuka mabegani licha ya maji yote, na nzi walikuwa ndani ya nyufa. Alitoa sauti ndefu ya chini, akanyamaza kana kwamba anasubiri kujibiwa, na katika nchi ile yote hapakuwa na wa kumjibu.

"Hali tena," alisema Bento kutoka upande wa pili, kwa Kireno alichookota merikebuni. "Anaita wenzake. Nimemwambia wako mbali, hasikii." Kisha akaongeza, "Najua wewe ni mama wa nani. Mna pua moja."

Violante alirudisha kisu kiunoni. Chini ya magurudumu mbao zilikuwa bado zinadondosha, na alifikiri: mnyama huyu akifa, Tomé atakunywa nini? Alishuka, akaloweka mkate kwa maji ya moto na kitunguu saumu, akampelekea Bento bakuli. Bento alikula amesimama, mkono mmoja kwenye kata.

Baada ya Arraiolos nchi ilizidi kukauka. Walifika kijiji kiitwacho Fonte Velha jua likiwa la utosi. Mvua haikuwa imenyesha pale tangu sikukuu za kabla ya Kwaresima, chemchemi iliyokipa kijiji jina ilikuwa imefumba, kumebaki kisima kimoja. Mapipa ya Violante yalikuwa matupu tangu asubuhi. Dom Jerónimo aliwaomba radhi wazee wa kijiji kwa adabu, akaamuru askari wachote. Kisima kilitoa nusu pipa, kikatoa tope, kisha kikatoa ndoo yenyewe ikiwa imekwaruzwa kwa mawe.

Mwanamke aitwaye Guiomar alitoka nyumba ya jirani na ndoo yake, akaja moja kwa moja kwenye gari. Nyuma yake, mlango ukiwa wazi, alionekana mtoto wa kike amelala juu ya sakafu ya mawe mahali penye ubaridi, midomo imepasuka. Aliitwa Aldonça, wa umri wa kung'oka meno ya utoto.

"Dada yangu, niachie kidogo," alisema Guiomar. "Mtoto anaungua. Tangu jana sijamtilia kitu mdomoni."

Violante aliangalia. Dom Jerónimo alikuwa nyuma ya mzeituni na tumbo lake. Askari walikuwa wanabishana na kamba ya kisima. Hakuna aliyekuwa anamlinda.

Chini ya hori wafu walikuwa wamekwisha kujipanga. Mbao zilikuwa kavu, zimekauka hadi zimeachana. Tomé alikuwa mbele, mikono amekinga, ulimi mweusi umetoka nje kama alivyokuwa siku zile za shwari ambazo mama yake hakuziona. Aligeuza kichwa.

"Mama," alisema.

Akarudisha uso juu kwenye mbao.

"Ngoja kidogo," Violante alimwambia Guiomar. "Ngoja kwanza. Nitakupa yatakayobaki."

Akampa Bento ndoo. Bento akamtazama yeye, akamtazama Guiomar. Violante akamsukumia ndoo kifuani. "Mwaga." Bento akamwaga. Akampa nyingine. Matone yalianza, wafu wakasogeleana, na Violante akawa anachota na kupandisha, anachota na kupandisha, anasikia wale walio chini wakimeza, na kati ya makoo yote alilijua koo la mwanawe. Alipoingiza ndoo tena iligonga mbao.

Aliinamisha pipa. Lilitoa kiasi cha kulowesha kiganja. Alishuka na kile kiganja kuelekea kwa Guiomar, na Guiomar alimwona anavyokuja, mkono umekunjwa, maji yanavuja kati ya vidole. Hakupiga kelele. Aliweka ndoo yake chini polepole, kama mtu aliye karibu na aliyelala, akaingia ndani na kufunga mlango.

Kesho yake, adhuhuri, Aldonça alikuwa miongoni mwa wafu. Alikuja nyuma kabisa, ana gauni lake la Jumapili, miguu mitupu, anakimbia kidogo kila mara ili asiachwe. Askari mmoja alisema, "Huyu naye?" na mwenzake akasema ni wa kile kijiji cha jana. Dom Jerónimo alimtazama kitambo. Alisema mtoto anaruhusiwa kushika ubavu wa gari akichoka.

Walipojipanga chini ya hori, Aldonça alibaki ukingoni. Alikinga mikono yake midogo mahali pasipodondoka kitu.

"Tomé," Violante aliita, "mpishe mtoto."

Tomé alikuwa chali, mdomo wazi.

"Tomé! Mwanangu, nakuambia mpishe mtoto."

Hakusikia, au alisikia. Violante aliingia kwa magoti katikati yao, akasukuma kwa viwiko matanga yale magumu, akakinga matone kwa mikono yake mwenyewe, akatoka nayo. Aldonça alikunywa kutoka viganjani mwake, na maji, kwa kuwa yametoka mikononi mwa aliye hai, yakapita moja kwa moja yakalowesha vidole vya miguu yake. Mtoto aliangalia chini, akaangalia juu, akasubiri zaidi kwa heshima.

Bento aliona. Alihamia upande ule na kuanza kumwaga ukingoni, na matone machache yakamwangukia mtoto mdomoni, yakakaa. Alikaribia kutabasamu. Kisha mabaharia wakasikia maji yamehama, nao wakahama, na Aldonça akawa nje tena.

Waliufikia mpaka chini ya ngome ya Elvas, asubuhi yenye upepo wa joto. Ng'ambo, watu wa Kastilia walikuwa wakingoja na maksai wapya waliovishwa vitambaa vyekundu, na magari yao ya maji yaliyopakwa rangi. Kiboko alikaguliwa meno. Wakubwa walikumbatiana. Bento alikabidhiwa pamoja na kata yake. Alipopita karibu na Violante aliinua mkono, naye akainua wake.

Violante aliomba aendelee. Alisema nyumbu wake hawajachoka, na hatadai chochote. Walimjibu kwa upole kwamba Kastilia ina wavuta maji wake.

Hori lilipoanza kwenda wafu walitoka, ingawa haikuwa adhuhuri, kwa sababu waliona linaondoka. Mlinzi wa mpaka aliinua mti wa kizuizi, akauacha juu mpaka wote wamalize kupita. Violante alitembea kando ya mwanawe mpaka pale alipozuiwa kwa mkuki uliowekwa mlalo kifuani.

"Tomé. Hebu ngoja nikuone."

Tomé aligeuka. Macho yake yalikuwa yake yale yale. "Rudi, mama. Wanasema huko mbele kuna mto."

"Utakunywa?"

"Wakimmwagia," alisema Tomé, na akaenda, maana maji yalikuwa yameanza kudondoka na wenzake walikuwa wamemtangulia. Aldonça ndiye aliyekuwa wa mwisho, anakimbia na gauni ameliinua kwa mikono miwili. Mlinzi alimngoja, kisha akashusha mti.

Dom Jerónimo alimkuta Violante bado amesimama pale. Alimshukuru kwa moyo wake wote. Alisema hajapata kuona mwanamke wa maji mwaminifu kama yeye, na kwamba jina lake litafika panapohusika. Mfalme alikuwa amefurahi hata ameagiza jike, merikebu itaondoka bahari ikitulia, na mafundi mapipa wanatafutwa.

"Ndiyo, bwana," alisema Violante.

Alirudi peke yake na mapipa yanayogongana kwa utupu. Fonte Velha hapakuwa na njia ya kuikwepa. Guiomar alikuwa amekaa kwenye jiwe kando ya kisima, mikono mapajani. Violante alisimamisha nyumbu. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, na kwa mawe pia, na hakukusudia kujikinga.

"Ulimwona?" Guiomar aliuliza.

"Nilimwona."

"Alikuwa amevaa?"

"Gauni la Jumapili."

"Viatu vilikuwa vimembana, ndiyo maana sikumvisha." Guiomar alikung'uta vumbi kwenye sketi yake. "Na maji? Alikuwa anapata?"

Violante alishika hatamu kwa mikono miwili.

"Alikuwa anapata," alisema. "Mwanangu alimpisha. Alimweka mbele yake kabisa."

"Mungu ambariki mwanao."

"Amina."

Ndege hawakuwapo, wala upepo. Guiomar alikuwa anatazama barabara upande wa mashariki.

"Watu wamesema mfalme anataka mwingine."

"Jike. Wamekwisha kuagiza."

"Atapita hapa?"

"Barabara ya Kastilia ni hii moja."

Guiomar alifikiri. Violante hakujua kama wafu wa mnyama mmoja hurudi na mnyama mwingine, au kila mnyama huja na wa kwake. Alitaka kusema kwamba hajui, akatazama ule uso, akashuka tu garini.

"Basi wamlete," alisema Guiomar. "Wamlete upesi." Akasogea kwenye jiwe ili Violante apate pa kukaa.